Sheria kali ya misitu yahitaji wachoma mkaa

Kwa takwimu ambazo Serikali yenyewe imekuwa ikizitumia, Tanzania inapoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Kila zinapotajwa, husikika wito wa kupiga mkaa marufuku. Uchungu huo ni wa haki, ingawa mashamba mapya nayo yanafyeka misitu kwa kasi kubwa. Lakini marufuku tulikwisha kuijaribu mwaka 2006, na haikudumu. Mijini watu walipikia mkaa huohuo, vijijini watu waliishi kwa kuuchoma, na hakuna upande uliokuwa na sababu ya kuitetea amri ile. Ndiyo maana nasema sheria kali ya mazingira hujengwa kwanza kwa kuipatia watetezi, hasa miongoni mwa wale itakaowabana.

Mifuko ya plastiki inatupa kipimo kizuri. Marufuku iliyoanza Juni 1, 2019 ilikuwa na faini na kifungo, lakini polisi hawakuweza kusimama kwenye kila genge. Iliyoibeba ni hali kwamba mteja alipata mfuko mbadala sokoni kwa bei anayoimudu, na mwenye duka hakupoteza biashara kwa kutii. Mkaa ni mgumu zaidi, kwa sababu anayeambiwa aache anaulizwa papo hapo watoto watakula nini.

Jibu mojawapo liko Kilosa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu ulio kwenye ardhi yake. Kuanzia mwaka 2012, baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo viliitumia nafasi hiyo kwa mradi wa mkaa endelevu: sehemu ndogo tu ya msitu hutengwa kwa uvunaji, miti hukatwa kwa vitalu vya mita 50 kwa 50 vinavyopishana na visivyoguswa, na kitalu kilichovunwa huachwa kichipue kwa mzunguko wa miaka 24. Ushuru huingia kwenye mfuko wa kijiji, na fedha hizo zimegharimia madarasa, zahanati na maji. Hapo anayeingia na msumeno usiku anaiba mali ya kijiji kizima, na kamati ya maliasili inayofanya doria ina sababu ya kumkamata. Doria ya namna hiyo Serikali haiwezi kuinunua kwa mishahara.

Wapo watakaosema kwamba sheria tunazo za kutosha, kuanzia ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tatizo ni utekelezaji tu. Ni kweli kwa sehemu, lakini utekelezaji hutegemea mwananchi anayetoa taarifa na diwani asiyeogopa kupoteza kura kwa kusimama na sheria. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba msitu hauwezi kusubiri mikutano ya vijiji. Naliheshimu, kwa kuwa mti mkubwa wa miombo hauoti upya ndani ya muhula mmoja wa ubunge. Hata hivyo, amri inayofutwa baada ya muda mfupi haiokoi muda wowote, tena inawafundisha watu kungoja amri inayofuata ipite nayo.

Mijini kuna deni lingine. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama lishe hununua mkaa kwa kopo, kwa fedha aliyoipata jana, ilhali mtungi wa gesi unamtaka alipe kwa mkupuo. Mpaka gesi iuzwe kwa vipimo vya mfuko wake, kura yake itabaki upande wa mkaa. Wabunge wanaotaka adhabu kali zaidi kwa mkaa haramu wadai mambo mawili katika bajeti hiyohiyo: fedha za kupima mipaka ya misitu ya vijiji, na mpango wa kumwezesha mama huyu kulipia gesi kidogokidogo.