Jicho la Mwenye Kisukari Baada ya Kupasuliwa

Wengi wetu tunao wazee nyumbani wenye maradhi ya kisukari, ambao macho yao yamefunikwa na mtoto wa jicho. Kupasuliwa ni jambo jema, kwani tabibu huondoa lenzi iliyoingia ukungu akatia nyingine safi mahali pake. Walakini kazi haimaliziki hospitalini. Sehemu kubwa ya usalama wa jicho hilo imo mikononi mwa watu wa nyumbani.

Kwanza, kabla ya kupasuliwa. Kisukari huharibu mishipa myembamba ya damu katika utando wa nyuma ya jicho, ule upokeao nuru. Hauna budi kutazamwa mapema, na ukiwa umekwisha dhurika utibiwe kwanza iwezekanapo, kwani upasuaji waweza kuzidisha madhara hayo. Sukari nayo iwekwe sawa kwa taratibu, si kwa pupa ya siku mbili tatu.

Pili, baada yake. Adui wa siku za mwanzo ni vijidudu. Mwaka 2007 madaktari wa Ulaya walitangaza utafiti wao mkubwa: wagonjwa wasiotiwa dawa ya sefuroksimu ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji walikuwa katika hatari ya kuambukizwa iliyokaribia mara tano ya wenzao. Nasi yatupasa tunawe mikono kabla ya kutia matone, wala tusiache jicho lisuguliwe au liingie maji. Na atakaye kutawadha asijidhuru. Adhurikaye kwa maji ameruhusiwa kutayamamu. Daktari aulizwe ni kwa siku ngapi, na mwanachuoni aulizwe namna yake.

Adui wa pili huja kimya, aghalabu baina ya wiki ya nne na ya sita: kitovu cha ule utando huvimba. Mama aliyekwisha rudi kuusoma Msahafu wake huona herufi zafifia tena, bila ya maumivu. Wenye kisukari hupatwa na haya zaidi kuliko wengine. Basi msimwambie, "Ni uzee huo, Mama." Mpelekeni upesi, kwani uvimbe huo una dawa. Na matone ya kuuzuia yasiachwe kwa kuwa jicho limepoa, ila yatumiwe mpaka siku aliyoiagiza daktari.

Ama maumivu makali, wekundu unaozidi, au nuru kupungua ghafula, hayo hayangoji kesho. Siku hiyo hiyo, hospitali.

Macho ni amana. Mwenyezi Mungu atuhifadhie.