Tepu ya wachezaji: inaponya enka au inaficha maumivu?

Kijana anateguka enka kipindi cha kwanza, anafungwa tepu pembeni, kipindi cha pili yuko uwanjani. Kwenye mechi za ndondo, iwe Ugalla au Mpanda mjini, mashabiki humshangilia kwa "roho ya paka". Swali ni moja: tepu imemsaidia au imemponza?

Kwanza, tepu siyo aina moja. Ile nyeupe, isiyovutika, kazi yake ni kuzuia kifundo cha mguu kisipinde kupita kiasi. Ile ya rangi, inayovutika, ilibuniwa na Mjapani Kenzo Kase miaka ya 1970, ikapata jina kwenye Olimpiki ya Beijing 2008.

Tafiti zinaibeba zaidi ile nyeupe, ila kwa sharti. Mchezaji aliyewahi kuteguka na akapona, akifunga tepu anapunguza uwezekano wa kuteguka tena. Hata hivyo, hulegea kadiri anavyokimbia na kutoka jasho. Ya rangi je? Ushahidi kwamba inatibu msuli au kuzuia majeraha ni mdogo.

Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Tepu ni kinga ya enka iliyopona, siyo tiba ya enka iliyoumia dakika kumi zilizopita. Kano iliyochanika haiungani kwa kufungwa tu na kurudishwa uwanjani. Jeraha la wiki mbili linaweza kugeuka la miezi. Na kwa kijana wa Ugalla, mguu wa mpira ndio huohuo wa shamba na bodaboda.

Madaktari wana kipimo rahisi: akishindwa kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo ukiuma ukibonyezwa, anahitaji eksirei. Safari ya hospitali, hata kama ni hadi Mpanda, inakula nauli, lakini ni nafuu kuliko mfupa kuunga vibaya. Asiye na dalili hizo apumzike, aweke barafu au maji baridi, afunge bandeji na kuinua mguu.

Kwa timu isiyo na hela ya tepu, ipo kinga ya bure: kusimama kwa mguu mmoja kila mazoezi, dakika chache kila upande. Tafiti zinaonyesha mazoezi ya kujisawazisha hupunguza kuteguka tena.

Kocha anayemtoa mchezaji leo hajapoteza mtu. Amemtunza kwa mechi ijayo.