Ladha ya gemu inapotoweka: Wazazi tusiharakishe kushangilia

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata uongofu hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, malalamiko ya wazazi hapa Dodoma juu ya michezo ya simu na kompyuta ni yale yale: mtoto haachi gemu, swala zinampita, masomo yanashuka. Hayo yamesemwa sana juu ya mimbari, na yanastahili kusemwa. Leo napenda tuzungumze juu ya jambo lililo kinyume chake, ambalo ni wachache wanaolitaja. Nalo ni pale kijana aliyeupenda mchezo kwa moyo wake wote anapofika mahali ukamchosha. Kifaa kiko mkononi na macho yako kwenye kioo, lakini uso hauna furaha. Au amekiweka kando na hakigusi tena.

Wazazi wengi wakiliona hilo husema, "Alhamdulillahi, balaa limeondoka," na mazungumzo yakaishia hapo. Rai yangu ni kwamba tusiharakishe kushangilia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga akimwona mnyama wake hali majani aliyoyapenda jana, humwendea akamtazama. Zipo sababu za kheri za furaha kuondoka, zipo zinazotokana na mchezo wenyewe, na ipo moja ambayo ikipuuzwa huweza kugharimu maisha ya kijana.

Dini haikuja kuua furaha

Tuweke msingi kwanza. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idi, naye akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) apate kuwatazama, wala hakumharakisha mpaka alipotosheka mwenyewe. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, ameusia katika Ihyaa Ulumid-Din kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha. Akaonya kuwa kumnyima mchezo na kumlemeza kwa masomo wakati wote huufisha moyo wake na kuidhoofisha akili yake.

Kwa hiyo mchezo kwa asili yake haukukatazwa. Masharti yake yanajulikana: usimpitishie mtu swala, usiwe na kamari, usiwe na uchi wala matusi, usipoteze haki za watu. Lakini tulizingatie neno lile la Bibi Aisha kutosheka. Furaha iliyo salama huwa na mahali pa kutosheka. Tutalihitaji neno hili mbele.

Kwa nini ladha hutoweka?

Sababu ya kwanza ni ya maumbile. Wahenga wamesema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sehemu kubwa ya utamu wa gemu ni kujifunza. Mtoto anashindwa, anajaribu tena, anagundua njia, anashinda. Akishaijua kila njia, kinachobaki ni kurudia, na akili aliyoiumba Allah haipendi kurudia bila faida.

Katika Suratul-Hadid, aya ya 20, Mwenyezi Mungu ameyafananisha maisha ya dunia, pamoja na michezo na mapambo yake, na mvua iliyootesha mimea ikawafurahisha wakulima, kisha mimea hiyo ikanyauka, ikawa ya manjano, ikaishia kuwa mabua makavu. Sisi wakazi wa uwanda huu wa kati hatuhitaji tafsiri ndefu ya mfano huo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba au kabla yake kidogo hadi Aprili. Mwezi wa Machi majani ya Kongwa na Bahi ni kijani kitupu. Ukipita mwezi wa Julai ni manjano, na upepo unayabeba. Raha za dunia nazo zimeumbwa hivyo. Kijana aliyekua akauacha mchezo wa utotoni kwa sababu moyo wake sasa unataka jambo kubwa zaidi, huyo amekomaa, na tumshukuru Allah kwa ajili yake.

Sababu ya pili ni kuondoka kwa watu. Mashine ya PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, na ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Huku kwetu vijana wengi waliijua kwenye vibanda vya mitaani: televisheni moja, benchi moja, wawili wanacheza na kumi wanashangilia, anayefungwa anampisha mwenzake. Vijana wale leo ni akina baba. Baadhi yao wamenunua mashine mpya, yenye picha safi kiasi cha kuonyesha jasho usoni mwa mchezaji. Baba anaiwasha usiku peke yake, watoto wamelala, na baada ya nusu saa anaizima na kujiuliza utamu umekwenda wapi.

Mashine yake ni bora kuliko ile ya zamani. Kilichokosekana ni benchi. Alichokipenda ujanani kilikuwa wenzake, utani wao na kelele zao, na gemu lilikuwa sababu ya kuwakusanya. Watazameni wazee wanaocheza bao barazani: mashimo 32 na kete 64, hazijaongezwa wala kupunguzwa, na bado jioni inawakuta wakicheka. Hawajachoka kwa sababu hawachezi peke yao.

Sababu ya tatu ni mchezo kugeuzwa kibarua. Gemu nyingi za simu hupatikana bure, kisha biashara hufanyika ndani yake. Mchezaji hupewa zawadi kila siku anapoingia, na akikosa siku moja hupoteza alichokikusanya. Hapo hachezi tena kwa kupenda. Anaripoti kazini.

Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Mark Lepper na wenzake, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wadogo waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora. Wengine hawakuahidiwa kitu. Baadaye kalamu zilipowekwa bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Ujira uliingia, mapenzi yakapungua. Somo hili linatuhusu hata sisi walimu wa madrasa. Mashindano ya kuhifadhi Qur'ani yana kheri nyingi, lakini tusimfanye mtoto ajue zawadi peke yake, kwani siku zawadi itakapokosekana huenda akaufunga msahafu.

Baya zaidi ni pale gemu linapouza visanduku ambavyo mtoto hulipia fedha bila kujua ndani kuna nini. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kuwa baadhi ya visanduku vya namna hiyo ni kamari kwa mujibu wa sheria zao. Sisi tulikwisha kuonywa juu ya kamari katika Suratul-Maida, aya ya 90 na 91, na tukaelezwa madhara yake: hutia uadui na chuki baina ya watu na huzuia kumkumbuka Allah na kuswali. Mzazi anayemwachia mtoto simu yenye fedha ndani yake na achunguze fedha hizo zinanunua nini.

Sababu ya nne ni hamu kubaki baada ya furaha kuondoka. Kent Berridge, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kwa miongo kadhaa amekuwa akionyesha kuwa katika ubongo, kukitaka kitu na kukifurahia kitu ni mambo mawili tofauti. Hamu inaweza kuongezeka wakati furaha imebaki pale pale au imepungua. Ndiyo maana kijana anaweza kukuambia kwa ukweli kabisa kuwa gemu limemchosha, na saa nane ya usiku ukamkuta analo. Usimwite mwongo. Mkono umezoea, moyo umeshaondoka.

Mwaka 2014 Dong Nguyen, kijana wa Vietnam aliyetengeneza mchezo wa ndege uitwao Flappy Bird, aliuondoa mwenyewe sokoni wakati ukiwa na umaarufu mkubwa, kwa kuona kuwa watu wamekuwa watumwa wake. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliidhinisha orodha mpya ya maradhi ambayo ndani yake umo ugonjwa wa kushindwa kujizuia na gemu, na orodha hiyo ikaanza kutumika mwaka 2022. Nasi tunayo Hadithi sahihi kwamba mwanadamu angekuwa na mabonde mawili ya mali angetamani la tatu. Mchezo usiokuwa na mwisho umejengwa juu ya udhaifu huo. Hauna mahali pa kutosheka.

Pale kila kitu kinapokosa ladha

Sasa nifike kwenye sababu ya tano, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Kijana ameacha gemu. Lakini tazama vizuri: ameacha na mpira, ameacha na marafiki, chakula hakimvutii, usingizi umeharibika, anakaa chumbani na kusema kuwa hana thamani. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, inaweza kuwa maradhi ya sonona. Kukosa hamu na furaha katika mambo yaliyopendwa ni miongoni mwa dalili zake kuu. Gemu lilikuwa la kwanza tu kuondoka, na sisi tukashangilia.

Wengi wetu hapo husema mtoto ni mvivu, au imani yake ni ndogo. Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika kwa ajili ya mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, kama ilivyoelezwa katika Surat Yusuf, aya ya 84, naye ni Nabii wa Allah. Huzuni kubwa si dalili ya kufuru. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu kujitibu, aliamrisha tujitibu, kwa kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee.

Mji wetu una Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, ambayo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Wagonjwa hutolewa mbali kuletwa hapa. Lakini sisi tulio karibu nayo jina lake tumeligeuza tusi la kumrushia mwenzetu anapokosea. Mtoto anayesikia nyumbani jina hilo likitumiwa kwa dhihaka, atapata wapi ujasiri wa kumwambia baba kuwa moyo wake unaumwa? Mpelekeni hospitali iliyo karibu. Msomeeni Qur'ani na mwombeeni dua pia, kwani dua na dawa havigombani. Na akitamka kuwa hataki kuishi, msimwache peke yake wala msingojee kesho.

Tufanye nini?

Kwanza, tuulize bila dhihaka. Badala ya "Leo umelichoka lile shetani lako?" mzazi aseme, "Mwanangu, naona siku hizi hulifurahii lile gemu. Kuna nini?" Kisha anyamaze asikilize jibu mpaka mwisho.

Pili, turudishe watu. Anayecheza na acheze sebuleni pamoja na nduguze, na baba akae naye hata mara moja kwa wiki, afungwe na achekwe. Kucheza na watoto ni katika sunna, na heshima ya baba haipungui kwa kufungwa.

Tatu, tuweke mpaka. Wakulima wa zabibu hapa Dodoma wanajua kuwa mzabibu usiopunguzwa matawi hujaa majani ukakosa matunda. Ukipunguzwa vizuri huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mchezo wa baada ya Alasiri unaokoma kwa adhana ya Magharibi hubaki mtamu kuliko ule wa usiku kucha.

Nne, tujaze nafasi. Mwaka 2021 China iliweka kanuni kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za intaneti saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Serikali inaweza kufunga mlango wa gemu, lakini haiwezi kuujaza moyo wa mtoto. Katika Suratul-Inshirah, aya ya 7, tumeelekezwa kuwa tukimaliza jambo moja tujibidiishe katika jingine. Kijana aliyechoka gemu ana akili iliyo tayari kujifunza. Asipewe gemu jipya kumnyamazisha. Apewe fundi wa kumfuata, kitabu, bustani, lugha ya Kiarabu, au mzee wa kumhudumia.

Ndugu zangu, Allah ametufahamisha katika Suratur-Raad, aya ya 28, kuwa ni kwa kumkumbuka Yeye ndipo nyoyo hutulia. Mtoto hulijua hilo akiliona kwa wazazi wake. Baada ya swala ya Ijumaa leo, kabla ya shughuli nyingine, kaeni na watoto wenu muwaulize ni kitu gani walichokipenda mwaka jana na leo hawakipendi tena, na kwa nini.

Tunamwomba Allah (S.W.) awafanye watoto wetu kuwa vitulizo vya macho yetu, awaponye walio wagonjwa miongoni mwao, na atupe sisi subira ya kuwasikiliza. Amin.

Wabillahi Tawfiq.