Waacheni Wapige Soga

Neno porojo halina sifa njema katika lugha yetu. Anayeitwa mpiga porojo ajue ametukanwa, na anayewaambia wenzake "acheni porojo, tufanye kazi" huonekana mtu mwenye busara na uchungu wa maendeleo. Mimi nasema kwamba katika kazi moja, nayo ni kazi ya kuandika programu za kompyuta, mwenye kutoa amri hiyo mara nyingi ndiye anayeirudisha kazi nyuma. Nalisema hili nikiwa Tunduma, mahali ambapo wengi hawadhani kama kuna waandishi wa programu.

Wapo, ndugu msomaji. Mji huu unajulikana kwa malori, vumbi na foleni inayorudi nyuma hadi Chapwa na kupita. Lakini hakuna lori linalovuka hapa bila kupita kwanza ndani ya kompyuta. Upande wetu forodha ilianza kutumia mfumo wa TANCIS mwaka 2014. Upande wa Nakonde Wazambia wanatumia ASYCUDA, uliobuniwa na UNCTAD. Tangu Oktoba 2019, Marais Magufuli na Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, mifumo hiyo miwili, ambayo waandishi wake hawakuwahi kunywa chai pamoja, imekuwa ikikutana chini ya paa moja. Hiyo ni mifumo ya wakubwa, nayo iliandikwa mbali. Pembezoni mwake imeota midogo: ya kuhesabu malori katika yadi, ya ofisi za mawakala wa forodha, ya wabadilisha fedha, ya nyumba za wageni, ya wanunuzi wa kahawa ya Mbozi. Hii inaandikwa na vijana wetu. Baadhi yao wamesoma Mbeya, wengine wamejifundisha wenyewe kwa simu usiku, wakati bando ni nafuu. Wanakaa wanne au watano katika chumba kimoja nyuma ya duka.

Ni katika vyumba hivyo nimeanza kuona mabango. Mojawapo, ambalo jina la mwenyewe nalihifadhi, linasema kwamba mazungumzo yasiyohusu kazi ni marufuku saa za kazi, na faini ni shilingi 5,000. Mwenye ofisi nyingine, nilipomuuliza, alinijibu kwa kauli mbiu ya uchaguzi wa mwaka 2015: hapa kazi tu. Kauli mbiu hiyo ilikusudiwa kuwaamsha watumishi waliolala ofisini. Sikumbuki kama ilipiga marufuku watu kuongea.

Hebu tujiulize: katika kazi hii, ni mazungumzo gani yasiyohusu kazi? Fundi seremala anajua mpaka wa kazi yake, ni mbao. Mwandishi wa programu hana mbao. Anachokishughulikia ni maisha ya watu: wanavyohesabu, wanavyodanganya, wanavyochelewa, wanavyoziita fedha zao. Mambo hayo hayaandikwi katika kitabu chochote cha kompyuta. Yanasemwa, tena yanasemwa na watu ambao hawajui kwamba wanafundisha.

Nitatoa mfano niliouona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita vijana wa chumba kimoja walikuwa wameandika programu kwa mtu mwenye yadi mbili za malori, moja huku na nyingine Nakonde. Kila mlinzi aliandika katika simu yake lori lilipotoka na lilipoingia, na programu ilipiga hesabu ya malipo kwa saa. Siku zikapita, tajiri akaja juu. Programu ilikuwa inasema kwamba lori lililotoka Tunduma saa nne na dakika ishirini asubuhi limefika Nakonde saa tatu na dakika arobaini, yaani limefika kabla ya kuondoka! Vijana wakapekua kila mstari waliouandika. Siku tatu. Hawakuona kosa, kwa sababu katika mistari hiyo kosa halikuwamo.

Siku ya nne walikuwa wanabishana juu ya mechi ya Simba na Yanga. Mmoja akasema inaanza saa kumi na moja jioni. Mwingine akasema binamu yake wa Nakonde ameambiwa saa kumi. Wakacheka, wakamwita huyo binamu majina. Binti mmoja aliyekuwa kimya pembeni, asiyependa mpira hata kidogo, akainua kichwa na kusema, "Jamani, si Zambia wako nyuma yetu saa moja?" Kisha kimya. Kila mkazi wa Tunduma anajua jambo hilo tangu utotoni, hata simu ya mtu ikinasa mnara wa ng'ambo huibadili saa yake yenyewe. Walilijua wote watano. Walilijua kama wakazi, lakini walipoketi mbele ya kompyuta walikuwa wameliacha nje mlangoni pamoja na viatu. Lililolirudisha ndani ni ubishi wa mpira. Chini ya bango la faini ubishi ule ungewagharimu shilingi 5,000 kila mmoja, na programu ingebaki na kosa lake.

Au chukua kwacha. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1, na alama yake ya kimataifa ikabadilika kutoka ZMK kuwa ZMW. Mwandishi wa programu aliye mbali anasoma tangazo, anagawanya kwa elfu, anakwenda kulala. Lakini midomo ya watu haikufuata tarehe. Mpakani hapa mtu aliweza kushika noti mpya ya hamsini mkononi na bado akaitaja kwa elfu zake za zamani, na karani asiyekuwa makini akaandika alichosikia badala ya alichokiona. Habari ya namna hiyo huwezi kuipata Benki Kuu. Utaipata kwa mama lishe, ukisubiri wali, ukimsikiliza mbadilisha fedha akilalamika.

Wala msifikiri haya ni ya Tunduma peke yake. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Julian Orr, aliandamana na mafundi wa mashine za kunakili za kampuni ya Xerox, na mwaka 1996 akachapisha kitabu juu yao. Kampuni iliamini kwamba ujuzi wa mafundi umo katika vitabu vya maelekezo iliyowapa. Orr akakuta kwamba vitabu haviwafikishi mbali. Ujuzi ulikuwa katika visa walivyosimuliana wakila na kunywa kahawa, visa ambavyo bosi akipita angeviita porojo. Najua nitaambiwa kwamba wale walizungumzia mashine, si mpira. Ni kweli. Lakini nani amewahi kuketi mezani na mafundi akasikia wakianza na mashine? Huanza na mvua, na watoto, na nani amefiwa. Mashine huingia katikati bila kubisha hodi, na ukiifunga njia ya mvua na watoto umeifunga na ya mashine.

Jambo linaloniudhi zaidi ni hili. Nairobi, mwaka 2010, ilifunguliwa iHub ili vijana wa kompyuta wapate mahali pa kukutana na kuongea. Dar es Salaam, COSTECH nayo ikaanzisha Buni kwa nia kama hiyo. Yaani mijini fedha zilitafutwa, tena nyingine za wafadhili, ili vijana hawa wapige soga. Huku kwetu, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, ambako hakuna Buni wala iHub, soga yao ya bure inatozwa faini. Kijana wa Tunduma asipoongea na mwenzake aliyeketi naye benchi moja, aongee na nani? Bei halali ya kazi yake ataijuaje? Nani atamwonya kwamba tajiri fulani hulipa nusu kisha simu haipokei? Bango likimnyamazisha, anayefaidika ni huyo tajiri wa nusu.

Nisionekane kama sioni ubaya wa soga. Iko soga ya kusengenya, iko ya kabila, iko ya kumcheka binti mpaka asirudi kesho. Hiyo ikatazwe kwa jina lake. Mtu akimtukana mwenzake aambiwe amemtukana mwenzake, asiambiwe ametoka nje ya kazi, maana neno hilo linaficha kosa na kuwaadhibu wasiokosa. Na tajiri anayelalamika kwamba analipa kwa saa, namwelewa. Ila azihesabu pia zile siku tatu za kimya, vijana wakitazama mistari isiyo na kosa, ambazo hakuna aliyethubutu kuziita uvivu.

Watetezi wa bango husahau kwamba bango haliui soga. Huihamisha tu. Nimeona inakohamia: baa, saa mbili usiku. Sasa tazameni nani hayupo pale. Yule binti hayupo, maana nyumbani ataulizwa ametoka wapi, tena kurudi usiku peke yake katika mji wa malori si jambo la mzaha. Kijana Mwislamu hayupo. Mlokole hayupo. Mwenye mtoto mgonjwa hayupo, na asiye na fedha ya kinywaji naye hayupo. Kazi mpya inapotajwa pale mezani, wanaigawana waliopo. Kosa linapopatiwa dawa wanaijua waliopo, na asubuhi yake yule binti anaonekana mzito wa akili, anauliza mambo ambayo wenzake "wanayajua" tayari. Ameachwa nyuma kwa amri iliyodai kuwaweka wote kazini.

Kwa hiyo nawaambia wenye ofisi hizo, ambao wengi ni vijana niliowaona wakikua: bandueni mabango hayo. Chai iwekwe saa nne asubuhi, mchana kweupe, humo humo ndani, na benchi liwe refu la kutosha watu wote. Wakitaka kubishania Simba na Yanga, wabishane. Binti asiyependa mpira naye awepo, asikie.