Chokoleti Nyeusi katika Mizani ya Nakivale

Chokoleti nyeusi, ambayo madukani Mbarara, nchini Uganda, hukaa rafu moja na biskuti na peremende, imekwisha kupandishwa daraja katika vinywa vya watu wengi, ikahesabiwa miongoni mwa dawa: husemwa kwamba huongeza damu, hutuliza moyo na hulainisha mishipa. Sifa hizo zingeweza kuachwa zipite lau zingekuwa mazungumzo ya wenye nafasi peke yao. Walakini habari haina mpaka, nayo hufika hata makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya jirani ya Isingiro, ambako kuongeza damu ni haja ya kila siku ya mama mjamzito na ya mtoto aliyedhoofika. Kwa hiyo yatupasa kuuliza kwa insafu: je, chokoleti nyeusi ni chakula cha siha, na kama ndicho, ni siha ya nani?

Tuanze kwa kuipa haki yake. Chokoleti yenye kakao ya asilimia 70 hadi 85 ina, katika kila gramu 100, kalori zipatazo 600, protini gramu 8 hivi, nyuzinyuzi gramu 11, magnesiamu miligramu 228, na madini ya chuma yanayokaribia miligramu 12. Tena ina shaba, zinki na potasiamu kwa kiasi kisichodharaulika. Lakini ndani ya gramu hizo hizo mna mafuta zaidi ya gramu 42, na zaidi ya nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, pamoja na sukari ipatayo gramu 24. Na kwa kuwa aghalabu mtu hali gramu 100 kwa kikao kimoja, hesabu ya haki ni ya kipande cha gramu 30, ambacho humpa mlaji chuma miligramu 3 na nusu hivi, na sukari gramu 7.

Kwa kipimo kinachotumiwa Marekani, mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huhitaji chuma miligramu 18 kwa siku, hivyo kwa hesabu ya karatasi kipande hicho kimemtimizia sehemu moja katika tano. Walakini kilichoandikwa katika karatasi si lazima kiwe ndicho kinachofika katika damu. Chuma cha mimea, tofauti na kile cha nyama na samaki, huingia mwilini kwa shida. Na kakao ina viambato vya ukakasi, vya jamii moja na vile vya majani ya chai, ambavyo hukishika chuma tumboni na kukizuia kisipenye. Basi anayemshauri mgonjwa wa upungufu wa damu ale chokoleti nyeusi apate nafuu, humpa chuma kwa mkono mmoja na kukipokonya kwa mkono wa pili.

Tena ni viambato vya jamii hiyo hiyo, viitwavyo flavanoli, vinavyosifiwa kwa kuusaidia moyo. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia mishipa ya damu kubaki na unyumbufu wake. Lakini kuchachusha kakao, kuikaanga, na hasa kuitia magadi, hupunguza flavanoli, na asilimia iliyochapwa juu ya karatasi ya chokoleti haimwambii mnunuzi ni kiasi gani kimesalia. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao COSMOS, uliofanywa kwa watu zaidi ya 21,000, baadhi yao wakimeza vidonge vya kakao na wengine vidonge visivyo na dawa: jumla ya maradhi ya moyo na mishipa haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa, ingawa vifo vya maradhi hayo vilionekana kupungua. Ikumbukwe pia kwamba walimeza vidonge, hawakula chokoleti yenye sukari na mafuta. Mwishoni mwa mwaka huo huo jarida la Marekani la Consumer Reports lilipima chokoleti nyeusi 28, na katika 23 likakuta risasi au kadmiamu kwa kiasi cha kumtia wasiwasi mtu alaye kila siku.

Sasa tuiweke chokoleti hii mbele ya sufuria ya Nakivale. Makazi haya, ambayo asili yake ni wakimbizi wa Rwanda wa mwishoni mwa miaka ya 1950, leo yanawahifadhi Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza posho ya wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30; na mwaka 2025, kwa upungufu wa fedha, watu wapatao milioni moja waliondolewa katika msaada huo. Kwa jamaa iliyofikwa na hali hiyo, bei ya bamba moja la chokoleti iliyotoka ng'ambo, ambayo hununua zaidi ya kilo moja ya maharage, ni chakula kilichoondolewa mezani.

Huenda mtu akasema kwamba mwenye njaa huhitaji nguvu, na chokoleti ina nguvu tele. Jawabu limo katika zahanati zinazotibu watoto wenye utapiamlo mkali. Kipakiti cha siagi ya karanga ya tiba, chenye gramu 92 na kalori 500, hakipishani sana na chokoleti kwa wingi wa nguvu. Lakini kimetengenezwa kwa karanga, maziwa, mafuta, sukari, na vitamini na madini yaliyopimwa kwa haja ya mtoto, na kwa ajili hiyo huokoa maisha. Wingi wa kalori, basi, si lishe.

Na lishe iko karibu. Maharage makavu yana chuma miligramu 5 hadi 8 kwa gramu 100, nayo pia yana vizuizi vyake. Walakini yakiliwa pamoja na dagaa, ambao Waganda huwaita mukene, au yakikamuliwa limau, chuma chake hupenya vizuri zaidi, na chai ikicheleweshwa saa moja baada ya chakula haitakizuia. Ziko mboga za lengalenga (mchicha) na sombe (majani ya muhogo) ambazo Wakongo wanajua kuzipika vyema, na viko viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, ambavyo kwa ajili yavyo mtafiti Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Hukumu yangu ni kwamba chokoleti nyeusi ni kitamutamu chenye wema fulani, na mwenye uwezo ale kipande kidogo kwa furaha, wala maskini asinyimwe furaha hiyo akiipata. Lakini isiitwe dawa ya damu. Nawasihi wahudumu wa afya wa Mbarara na Isingiro waseme habari za maharage, dagaa na lengalenga kwa bidii ile ile ambayo kwayo wafanyabiashara husifu kakao. Na wenye mamlaka na wafadhili nawasihi wairudishe posho iliyokatwa, kwa kuwa elimu ya lishe haipikiki katika sufuria tupu.