Skrini Nyeusi Si Sababu ya Kuhama Linux

Wasee wa Kisumu, tuachane na hii stori ya "Linux haiwezi kurekodi gemu." Mtu akipata video nyeusi anaambiwa tu: weka Windows iliyokrakiwa. Hapo nakataa kabisa.

Wengi wetu tunatumia laptopu za mitumba. Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kitu ambacho mashine nyingi za kitambo hazina. Sasa kijana wa Nyalenda auze nini ndio arekodi SuperTuxKart?

Shida yenyewe iko hivi. Gemu ikijaza skrini, mfumo mara nyingi unaipitisha njia ya mkato ndio iende mbio. OBS uliyoiambia ifuate dirisha moja inaweza kubaki na weusi, ama picha imeganda, na sauti inaendelea tu kama kawaida. Unagundua baada ya saa nzima, na stima imeshapotea. Inauma, nakuambia!

Kwa X11, iambie OBS ichukue skrini yote, ama uchezee gemu kwa dirisha lisilo na fremu. Kwa Wayland utaulizwa ruhusa kwanza (na ni poa, si kila programu ifaa kuchungulia skrini yako). Chagua skrini, si dirisha. Jaribu sekunde 10 kabla ya mechi.

Watengenezaji nao wasijifiche. Programu ikikosa picha, iseme hapo hapo. Kunyamaza saa nzima ni madharau.