Atomi na Maji ya Mto Tana

Aliyesimama darajani Garsen wakati wa mafuriko, akautazama mto Tana unavyobeba magogo na migomba iliyong'olewa mashambani, hahitaji mwalimu wa kumfahamisha kwamba maji yana nguvu. Na nguvu hizo hizo, zilizozuiliwa huko juu katika mabwawa ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yaliyojengwa moja baada ya jingine baina ya miaka ya sitini na mwaka 1988, ndizo zilizowasha taa za Nairobi, ilhali vijiji vingi vya Wapokomo na Waorma kandokando ya mto ule ule vilibaki na koroboi.

Basi mwaka 2020, tathmini ya mazingira ya mpango wa umeme wa nyuklia ilipoitaja kaunti ya Tana River kuwa mahali pafaapo mtambo wa kwanza wa Kenya, kabla ya macho ya wakubwa kuhamia Uyombo huko Kilifi, ambako wenyeji waliandamana kuupinga mwaka 2024, na kisha kuelekea Siaya, nilitaraji mazungumzo ya watu yawe ya maji. Aghalabu nilisikia bomu tu likitajwa. Siwalaumu, kwani urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa kwa wingi Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, wala haikutoka mbali nasi.

Lakini asili ya ilimu hii haikuwa silaha. Desemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni, wakastaajabu kukuta bariamu, ambayo atomi yake inazidi kidogo tu nusu ya uzito wa ile ya urani. Na aliyewafumbulia fumbo hilo, akiwa uhamishoni Sweden baada ya kuikimbia dhuluma ya Wanazi, ni mwenzao Lise Meitner, pamoja na mpwa wake Otto Frisch: kiini cha atomi kimepasuka vipande viwili, na sehemu ndogo ya uzito iliyopotea imegeuka nguvu. (Tuzo ya Nobel akapewa Hahn peke yake, insafu haikuwapo hata huko.) Kila mpasuko hutoa nyutroni mbili au tatu, nazo huenda kupasua viini vingine; zikiachiliwa ni bomu, zikizuiwa kwa fimbo zinazozimeza ni jiko, na kilo moja ya urani ya namna ipasukayo hutoa joto linalokaribia lile la tani 3,000 za makaa ya mawe.

Na maajabu yote hayo huishia wapi? Katika kuchemsha maji, kama dele la kahawa. Mvuke huzungusha mashine ya umeme, na takriban theluthi mbili za joto hazigeuki umeme kamwe, bali hazina budi kuondolewa, na aghalabu kwa maji ya mto, ya ziwa au ya bahari. Kwa hiyo tunapoambiwa habari ya nyuklia katika nchi ya Tana, twaambiwa habari ya maji, katika delta ambayo tangu mwaka 2012 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na ambayo mwaka huo huo ilimwaga damu ya wakulima na wafugaji kwa ugomvi wa malisho na maji.

Mimi si adui wa mtambo usiotoa moshi, wala mabaki yake ya sumu, yanayodumu maelfu ya miaka, sidhani ndiyo hoja ya kwanza kwa mtu wa Garsen. Hoja ya kwanza aliitoa mzee mmoja mfugaji, nilipokwisha kumweleza habari ya dele na mvuke: akaniuliza ua wa mtambo huo ungefunga malka ngapi, yaani njia za mifugo kushukia mtoni, na ng'ombe wangepita wapi kwenda kunywa.